Matanga Bila Kaburi

Mwanangu, siku moja ninaikumbuka kuliko siku zote za ualimu wangu, na haikuwa ya darasani. Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru, malori ya watu binafsi yakaanza kupanda hadi kwetu Magamba, milimani, kununua kabichi na karoti za kupeleka Dar es Salaam. Mashamba ya bondeni, ambayo zamani yaliachiwa magugu, yakawa mali ya kugombewa.

Shamba moja la bondeni lilikuwa la mzee Kupaza, babu yake mama yangu. Katika vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini, walimchukua awe mpagazi wa jeshi. Hakurudi. Alimwacha binti mchanga, ambaye ndiye bibi yangu Zaina. Katika ukoo wetu shamba la mtu haligawanywi kabla ya matanga yake, na mkewe Kupaza aliyakataa matanga hayo maisha yake yote, kwa kuwa hakuna aliyeleta habari za kifo. Wengine walisema Kupaza yu hai, ameoa Tanga na kuwasahau. Bibi alikua akiyasikia maneno hayo.

Mjomba Bakari, mwanawe bibi, alitaka kupanda karoti huko, akaniita nimsaidie kumshawishi bibi akubali matanga. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, somo langu historia, nami niliamini kwa dhati kwamba elimu inaweza kuponya karibu kila kitu.

Tulimkuta bibi barazani akichambua maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, “Karibu, mke mwenzangu. Wanasema umeisoma vita ile. Baba yangu alikufia wapi?”

Nikaanza mbali. Nilieleza jinsi mataifa ya Ulaya yalivyogombea makoloni na masoko, yalivyofungamana kusaidiana, jinsi mrithi wa ufalme mmoja alivyouawa, na jinsi moto huo ulivyotufikia sisi kwa sababu tulikuwa chini ya Wajerumani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akatupa punje mbovu.

“Hao wafalme wanao wengi wa kuwasimulia,” akasema. “Mimi nimekuuliza habari za baba yangu.”

Mjomba akaninong'oneza nitaje mahali popote, Mahenge au Lindi, ili mambo yaishe. Bibi hakuwa kiziwi.

“Bakari, karoti hujapanda bado, na tayari unaniuzia uongo.”

Basi nikamweleza niliyoyajua. Wapagazi walibeba chakula na risasi za jeshi, na chakula kilipokwisha, jeshi likapora vijiji vilivyokuwa njiani. Wengi walianguka kwa njaa na kuhara, msafara ukaendelea bila wao. Mara nyingi hakuna aliyeandika majina yao. Vita vilipokwisha, nchi ikapewa Waingereza, na waliobaki majumbani wakapambana na njaa na mafua makali.

“Alipolala sipajui, bibi,” nikasema. “Hata kama alikufa njiani siwezi kuapa. Ninalolijua ni kwamba wengi walitaka kurudi kwao wakashindwa.”

Akauweka ungo kando.

“Mama alingoja mtu aje amwambie hivyo tu,” akasema. Kisha akamgeukia mjomba, akamwagiza akamwite shehe.

Matanga yakafanyika. Shehe alipouliza marehemu alizikwa wapi, watu wote walinitazama mimi, lakini bibi akajibu mwenyewe kwa sauti ya kawaida, “Hatujui. Msomee hapa kwake.” Shamba likagawanywa msimu huohuo.

Mwanangu, siku moja utaambiwa kwamba vita fulani vina sababu nzuri. Zichunguze sababu hizo, kwa maana asiyezijua hudanganywa kirahisi. Lakini usiishie hapo. Uliza ni nani atakayebeba mizigo, nani atabaki akimngoja, na nani atakayekwenda kuwapa habari waliobaki. Usipojua jibu, kiri kwamba hujui, hata kama uongo ungewafurahisha wote waliokaa nawe.

Mungu akujalie kila safari yako iwe na kurudi, na unaowapenda wasikose habari zako.