Nilivyochomelea Kipima Joto cha Wakwe

Nianze kwa kukiri tu, maana Matombo nzima inajua na kuficha hakunisaidii: mimi ndiye yule fundi aliyeharibu vyungu vya mama mkwe wake (mkwe mtarajiwa, na huo utarajiwa ndio ulionimaliza).

Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha mjini Morogoro, na nilikuwa nimepanda Matombo kujitambulisha kwa akina Veronika. Kule, kama mnavyojua, baba wa binti anaweza kukupenda mpaka basi, lakini mwenye neno ni mjomba, na mjomba Alois alikuwa hajasema lolote kuhusu mimi tangu aitikie shikamoo yangu. Basi tuko uani, mama yake Veronika analalamika kwamba kikundi chao cha akina mama wafinyanzi kimekwama, tanuri limejaa vyungu vya oda ya mjini lakini kipima joto kimekatika na fundi wake yuko Dar, mjomba akanigeukia akaniuliza, "Wewe si unachomelea?"

Ningesema sijawahi kushika kitu kama kile, leo ningekuwa na mke. Nikajibu kwamba hiyo kazi ndogo, mjomba (nikamwita mjomba kabisa, kama vile nimeshapewa).

Chenyewe ni nyaya mbili nyembamba zinazoungana nchani tu, ncha inakaa ndani ya moto na mita inasoma huku nje. Mashine sikuwa nayo, nikaazima betri ya gari, nikapasua betri ya tochi nikatoa kile kijiti cheusi cha katikati kiwe fimbo ya kuchomelea, nikakigusisha kwenye ncha za nyaya, cheche zikaruka, ncha zikashikana na akina mama wakapiga vigelegele. Ningeishia hapo. Lakini vile vishanga vya udongo vinavyotenganisha nyaya vilikuwa vimevunjika upande wa nje, nyaya zinayumba, na mimi kwa mazoea ya mageti napenda kitu kikaze, nikazisokota pamoja karibu na mpini. Hapo ndipo nilipojizika, kwa sababu (haya nilikuja kuambiwa baadaye mjini) nyaya zile zikigusana, mita husoma joto la pale zinapogusana, na pale palikuwa nje ya ukuta wa tanuri.

Tukawasha. Mita ikapanda kidogo ikagoma, nikaagiza kuni, ikagoma tena, nikaagiza nyingine. Veronika akaja kuninong'oneza kama nina uhakika, nami nikaigonga ile mita kwa kidole nikamjibu kwa sauti ili mjomba asikie, "Tusikadirie kwa macho, mita ipo. Ongezeni." (Nikiikumbuka sentensi hiyo hata ugali haushuki.) Wakaongeza, nimesimama mikono kiunoni nikiwaelekeza mama za watu, na mjomba ananitazama ameridhika.

Tulipofungua kesho yake majirani walikuwa wamejaa, kwa sababu mama alishatangaza kwamba mkwe wake ni fundi. Hakukuwa na chungu kilichosimama. Vilikuwa vimelegea, vimeegemeana na kugandana, vyeusi, vingine vimevimba. Hakuna aliyecheka, na ningeshukuru kama wangecheka. Mama mmoja akagusa cha kwake, akajifuta mkono kwenye khanga, akaondoka. Nikaanza kuisingizia mita.

Nilitegemea kufokewa. Badala yake nikaletewa kiti, nikanawishwa mikono, nikachinjiwa kuku. Nilipomaliza kula nikachukua jembe niende shambani na mashemeji kama nilivyofanya tangu nifike (kwao mtu anayeoa hulima, ndivyo wanavyompima), mjomba akalitoa taratibu mkononi mwangu.

"Pumzika, mgeni wetu," akasema. "Una safari."

Nikaelewa, na Veronika naye akaelewa, maana aliingia jikoni na hakutoka tena. Wengine wote wakanisindikiza mpaka barabarani kwa heshima, wakanipakilia mkungu wa ndizi kwenye gari na kunitakia safari njema.

Siku hizi mtu akiniletea kitu nisichokijua namwambia sikijui, hata awe nani, hata wawe wamesimama watu mia. Nimejifunza nikiwa nimeshachelewa. Zile ndizi ziliiva zote kwa mpigo, na chumba changu ni cha mtu mmoja.