Moshi wa Shamba la Baba

Kuanzia Agosti, asubuhi za Iyunga huwa na ladha. Unaamka ukiwa na vumbi la barabara kuu mdomoni, moshi wa majiko ya mkaa, na kitu kingine kichungu kinachotoka upande wa viwandani. Mji umekaa bondeni, milima imeuzunguka, na baridi ya asubuhi huukandamiza moshi wote chini mpaka jua lipande. Mimi nimezaliwa huku. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kuzungumza.

Nilianza kuuogopa msimu huo binti yangu alipokuwa darasa la pili. Mwalimu wake alinipigia simu asubuhi moja, akasema mtoto ameshindwa kupumua mstarini. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za ofisi, mabega yanapanda na kushuka, midomo imekuwa ya kijivu. Hakuwa analia. Nadhani hata pumzi ya kulilia hakuwa nayo.

Zahanati walimwekea mashine ya mvuke. Alipotulia, nesi akaniuliza, "Nyumbani mnapikia nini?"

"Mkaa. Ila tunapikia nje."

"Na jirani yenu kuna nini?"

"Barabara. Kiwanda. Nyuma yetu wanachoma matofali."

Akaandika kitu kwenye daftari la mtoto. "Ni pumu, mama. Msimu huu asubuhi asitoke. Na ukiweza kumpeleka mbali na moshi, mpeleke."

Wiki hiyo hiyo, nikianika nguo uani, nikainua macho mlimani. Miteremko ilikuwa inafuka moshi sehemu nyingi, kama ilivyo kila mwaka watu wanapoandaa mashamba. Nilikuwa nimezoea kuutazama moshi ule bila kuwaza ni wa nani. Siku hiyo nikakumbuka kwamba shamba moja kule juu ni la baba yangu, na kwamba bado hajachoma.

Jumamosi nikapanda. Baba alikuwa ameshalundika mabua ya mahindi na kulima njia ya kuzuia moto usivuke kwa jirani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo kidogo. Ndiyo maana nimekuja."

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe, halafu akanyoosha mkono kuelekea bondeni. "Lile bomba la moshi la kiwanda unaliona? Linatoa moshi mwaka mzima. Umeshaenda kuwaambia wao?"

Sikuwa nimeenda.

"Mabua nisipochoma, wadudu wa bungua wanabaki humo humo, wanangoja mahindi mapya. Hilo unalijua, umekulia hapa."

Nilijua. Nilisomeshwa kwa mahindi ya shamba lile. Utotoni nilikuwa wa kwanza kuomba niushike mwenge wa kuwashia moto. Lakini nikasema, "Baba, kiwandani hawanijui. Wewe unanijua."

Akalichomeka jembe ardhini. Kisha akaongea Kisafwa, lugha anayorudia akiumia, akasema si haki mtu alazimishwe kuchagua kati ya shamba lake na mjukuu wake. Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha.

Mwaka ule hakuchoma. Aliyafukia mabua yote kwa jembe, mzee mwenye mgongo mbovu, mtaro kwa mtaro. Nilipanda kumsaidia mara mbili, nikarudi na malengelenge. Majirani zake walimshangaa, kisha wakachoma ya kwao.

Hewa haikubadilika. Mnamo Oktoba binti yangu alizidiwa tena, tukakaa zahanati tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilienda ofisi ya mtaa kuhusu moshi wa matofali na wa kiwanda. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akaandika malalamiko yangu, akaniuliza kama ningependa vijana wa matofali wakose kazi. Nyumba yangu mwenyewe imejengwa kwa matofali ya kuchoma.

Mvua zilipokuja, mahindi ya baba yalitoboka mashina. Bungua walikuwa wamebaki, kama alivyosema. Alivuna kidogo, na katika kidogo kile akanitumia gunia langu kama kawaida. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Nilipolifungua lile gunia nilikaa chini jikoni nikalia.

Shule zilipofunguliwa Januari, kabla ya mavuno hayo, nilikuwa nimempeleka binti yangu Iringa mjini, kwa dada yangu, kule juu kwenye upepo. Amepata nafuu kubwa. Dawa yake ya kuvuta hukaa kabatini wiki nyingi bila kuguswa. Kwenye simu huwa ananichanganyia maneno ya Kihehe aliyofundishwa na wenzake, nami nacheka, nikikata simu sicheki tena. Huja nyumbani wakati wa mvua tu, hewa ikiwa imeoshwa, na kila akija amerefuka bila mimi kuona.

Kiangazi kilichofuata baba alinipigia. "Mwanangu, nataka kuchoma kesho. Nimeona nikuambie kwanza."

"Choma tu, baba. Mtoto hayupo."

Nilisema vile kumpunguzia mzigo. Badala yake nikamwongezea. Akaitikia, "Haya," polepole, akakata.

Kesho yake hakuchoma. Alichoma siku tatu baadaye, upepo ulipoelekea upande wa pili wa mlima, na hatujalizungumzia tena.