Bilauri ya Daktari

Nina hasira na mtu aliyekufa, na hasira hiyo haina pa kwenda. Ni daktari wetu wa mifugo pale Bwera, mpakani upande wa Uganda, mwenye kliniki ya vyumba viwili ambako nilimsaidia kazi kwa miaka tisa. Nikianza kumtaja watu hunipa pole, wanadhani naomboleza. Siombolezi. Nagombana naye, na yeye hajibu, na hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi.

Kliniki ilikuwa nyuma ya soko, upande ule malori yanapongoja kuvuka kwenda Kongo. Mbele kulikuwa na meza ya bati ya mbwa na paka, nyuma chumba cha dawa, na uani nguzo moja ya mbao ya kufungia ng'ombe na mbuzi. Tulikuwa watatu: daktari, mimi, na dada mmoja Mwislamu, binti wa dereva wa lori, aliyesafisha vidonda na kuwabembeleza wanyama. Kwao walimsema sana. Binti mzima wa Kiislamu, anaosha mbwa! Naye aliwajibu, "Mimi mbwa nikimugusa naoga. Nyinyi midomo yenu mnaoshaka na nini?" Hakuna aliyerudia maneno hayo mbele yake.

Daktari mwenyewe alikuwa mtu wa Kyondo, milimani juu yetu, mkulima na mtoto wa wakulima, mfupi, mwenye sauti kubwa. Aliongea na wanyama zaidi kuliko alivyoongea na wenye wanyama. Nilimwona akimwomba mbuzi msamaha kabla ya kumchoma sindano. Lakini yeye mwenyewe sindano aliiogopa, jamani, aliiogopa! Malaria ilipomshika alimeza vidonge huku anatapika, mradi tu asidungwe. Dada alimtania: "Muzee, umechoma ng'ombe wote wa Bwera, wewe moja tu inakushinda?" Alicheka, akabadilisha mazungumzo.

Kulikuwa na glavu. Glavu ndefu, zinazofika begani, ambazo daktari wa ng'ombe huvaa akimzalisha. Kwetu zilikuwa adimu, basi tuliziosha kwa sabuni na kuzianika kambani pamoja na mitandio ya dada. Sheria ya daktari ilikuwa moja: glavu ndefu ni za kuzalisha tu. Kazi ya kooni unaingia mkono mtupu. "Mukono mutupu iko na macho," alisema. "Glavu ni kipofu."

Na kazi ya kooni haikwisha, hasa msimu wa maparachichi, ambayo sisi wa mpakani tunayaita avoka. Huko milimani yanaanguka usiku kucha, asubuhi ng'ombe anafunguliwa, anayameza mazima, moja linakwama. Ng'ombe wa namna hiyo utamjua tu: shingo imenyooka, hali, hanywi, mate yanamtoka kama kamba. Tulikuwa tunaingiza mkono, tunalivuta, mwenye ng'ombe anacheka, tunaendelea na wa pili. Tulishindana nani analitoa upesi. Mimi nilikuwa bingwa. Nilijisifu mpaka sokoni, mjinga mimi.

Asubuhi moja ya msimu huo mama mmoja alishuka kutoka Kyondo na ng'ombe wake. Alikuwa mjane, na ng'ombe ni huyo mmoja. Mate yalikuwa yanachuruzika mpaka kwenye kamba.

"Dokita, iko na avoka kwa shingo," alisema. "Tangu juzi haikuli, haikunywi. Na mimi mwenyewe nimeingiza mukono kule njiani, sikuifikia."

Daktari alikunja shati. Nilishika pembe, dada akashika pua, naye akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alitafuta. Magego ya ng'ombe yalimchubua vifundo vya vidole, akasonya, akaendelea kutafuta.

"Sipati kitu," akasema. "Dada, ingiza wewe, mukono yako ni ndogo."

Dada akaingiza. Hakuna. Nikasema nipisheni, bingwa amekuja. Nilikuwa na mkato kwenye kidole gumba, nilijikata na kichupa cha dawa siku iliyotangulia, nami nikauingiza mkono huo huo ndani ya mate yale ya moto. Hakuna kitu. Koo tupu.

Daktari alisema pengine limeshuka lenyewe. Ng'ombe akabaki uani tumwangalie, mama akaenda kulala kwa shemeji yake pale mjini.

Kesho yake asubuhi dada alirudi kutoka bombani mbio, ndoo imemwagika nusu. "Muzee, kuja. Ile ng'ombe analia na sauti ya mutu."

Kweli. Alikuwa anatoa sauti iliyokwaruza, ndefu, haiishi. Alikuwa anaipiga nguzo kwa kichwa, na miguu ya nyuma ilishaanza kuburuzika. Daktari alisimama mlangoni akimtazama, muda mrefu kabisa. Mama alipofika alimuuliza kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani: "Mama, hakuna mbwa yenye ilipita kwako?"

"Moja ilipita. Mwezi umekwisha sasa. Ilimuuma ng'ombe kwa pua, kidogo tu. Niliweka majivu, ikapona."

Daktari aliutazama mkono wake. Dada akasema, "Ya Allah," mara moja tu, akakaa chini.

Kichaa cha mbwa. Wote wanne tulikuwa tumeingiza mikono yetu mitupu ndani yake. Miaka yote tuliwafundisha watu dalili zake, tuliandika kwa chaki ukutani: mate, sauti, kushindwa kumeza. Lakini ulikuwa msimu wa avoka, na msimu wa avoka mate ni avoka. Ndivyo tulivyozoea. Watu wa mahali pengine wangefikiria kichaa kwanza. Sisi tulifikiria tunda.

Tuliosha mikono bombani kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikakunjamana. Ng'ombe alikufa siku iliyofuata. Watu walishafika na visu na beseni, nyama ni nyama, na daktari alisimama juu ya shimo tulilomchimbia ng'ombe, panga mkononi, akitukana mpaka udongo ukajaa. Mama alilia chini ya ukuta. Nadhani siku hiyo alimlilia ng'ombe tu, bado hajaelewa mengine.

Alasiri hiyo hiyo daktari alitupakia sote kwenye gari la mboga, tukaenda Kasese kwa rafiki yake, daktari wa watu, aliyekuwa amepigiwa simu na kutafuta dawa tangu asubuhi. Alikuwa amepata dozi za watu watatu. Nyingine zingefika baada ya wiki mbili, labda tatu.

Watatu. Na sisi tulikuwa wanne. Niliwahesabu watu mle chumbani, nikahesabu tena, kana kwamba mmoja angetoka.

"Hakuna shida," daktari akasema, kwa sauti yake kubwa. "Mimi nilichanjwa chuoni. Sisi wa mifugo wote tulichanjwa. Damu yangu inaukumbuka huu ugonjwa. Haya, mama, toa mukono. Dada, toa mukono." Akanigeukia. "Na wewe, bingwa."

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilijua. Nilisoma stashahada yangu ya mifugo, si mjinga kiasi hicho. Mtu aliyechanjwa zamani akiguswa na mate ya kichaa naye anadungwa tena, mara mbili, haraka. Hata kama aliyosema yalikuwa kweli, bado alihitaji sindano. Nilijua, na nikapandisha mkono wa shati. Kama ningefungua mdomo, dozi ya tatu ingekuwa ya kugombaniwa, nami nilikuwa na mkato kwenye kidole na mke nyumbani mwenye mimba. Nilinyamaza. Rafiki yake alimtazama, akauliza, "Una hakika?" Naye akajibu, "Nina hakika," na mimi nikatazama dirishani.

Basi yakaanza maisha ya kungoja. Anayepatwa na ugonjwa huu, maji humshinda. Koo hukataa. Na ukishafika hapo hakuna dawa duniani. Hayo sote tuliyajua, ndiyo maana daktari akaanzisha mchezo wake. Kila asubuhi, kabla hatujafungua, alijaza bilauri ya maji, akasimama mbele yetu, akaiinua. "Haya, oneni." Akanywa yote bila kupumua, akafungua mdomo na kutoa ulimi kama mtoto aliyekunywa dawa. "Bado niko mutu," akasema. Dada alipiga makofi. Mimi nilicheka. Wallahi nilicheka kila siku, na kila siku sikuiondolea macho bilauri mpaka iwe tupu.

Maisha ya kliniki hayakusimama. Tulizalisha nguruwe, tulifunga mguu wa mbwa wa mwenye hoteli, tulizika paka. Mimi na dada na yule mama tulikwenda Kasese kila siku iliyopangwa tukadungwa. Mama alishuka kutoka Kyondo kila mara na mfuko wa avoka kwa ajili ya daktari. "Wasingya, dokita," alimwambia, asante, na daktari akazila na chumvi mbele yetu, anasifia.

Dawa nyingine ilifika wiki ya tatu. Rafiki yake alipiga simu, nilikuwapo. Daktari alisema, "Nitakuja Jumatatu." Jumatatu kukawa na ng'ombe wa kuzalisha huko Mpondwe. Jumatatu iliyofuata akasema mvua. Dada alimgombeza: "Muzee, unaogopa sindano, sema ukweli!" Akacheka. "Nakunywa maji, hunioni? Hiyo dawa wampe mutu mwenye anaihitaji." Ningemkamata shati. Ningemvuta mpaka stendi, nilikuwa na nguvu kumshinda. Lakini ningemvuta nikimwambia nini? Kwamba nilijua tangu siku ile? Nikaona aibu. Nikajiambia wiki tatu zimepita, anakunywa, huenda kweli damu yake inakumbuka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Wiki ya sita alianza kujikuna vifundo vya vidole, pale magego yalipomchubua. Alijikuna siku mbili. Alisema ni sabuni.

Siku ya tatu alijaza bilauri kama kawaida. "Haya, oneni," akasema. Akaiinua mpaka karibu na mdomo, na shingo ikamruka. Maji yakamwagika kifuani. Akacheka kidogo, akajaribu tena, na mara hii alikuwa hajaifikisha hata kidevuni, uso wote ukamkunjamana, bilauri ikaanguka sakafuni, haikuvunjika. Dada aliokota bilauri, akaiweka mezani kichwa chini, taratibu mno, akaenda uani. Nilimsikia analia kwa sauti huko penye nguzo.

Daktari alifuta mikono kwenye suruali. "Muite bibi yangu," akaniambia. "Na leo musifungue."

Tulimpeleka hospitali, na kule wodini walimweka chumba cha peke yake, mapazia yamefungwa kwa sababu mwanga na upepo vilimtesa. Mke wake alikaa nje kwenye benchi, amejifunga kitenge kifuani. Nilitaka kumfariji. Nikamwambia, tulidhani ile chanjo ya chuo ingemlinda.

"Chanjo gani?" akaniuliza.

Nikamweleza.

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Siku ya chanjo alijificha chooni," akasema. "Mpaka wauguzi wakaondoka. Kila Krismasi anaisimulia kule nyumbani, watoto wanacheka mpaka wanaanguka. Hakuchanjwa huyo. Hakuchanjwa hata kidogo."

Basi hadi leo sijui nimhesabu vipi. Shujaa aliyetugawia dawa yake, au mwoga aliyekimbia sindano kwa mara ya pili na kutuachia sisi tuuite woga wake ushujaa. Nadhani yote mawili, na ndiyo maana hasira yangu haitulii. Ungesema tu, mzee! Ungesema unaogopa, tungekushika wote watatu, kama tulivyoshika ng'ombe.

Waliniruhusu niingie dakika chache. Walinivisha barakoa na glavu, jozi mpya, bado zina unga ndani. Alikuwa amefungwa mikono kitandani kwa bendeji, midomo imekauka, povu pembeni, lakini akili zilikuwa zake wakati huo. Nilikuwa nimejipanga kusema. Nilikuwa na maneno tayari: nilijua, daktari, nilijua ulihitaji, nikanyamaza kwa sababu dozi ya tatu ilikuwa yangu.

Akanitangulia. "Zako ulimaliza?" akauliza. Sauti yake kubwa ilikuwa imebaki uzi.

"Nilimaliza, daktari."

"Zote?"

"Zote."

"Na dada? Na mama?"

"Wote walimaliza."

Aliitikia kwa kichwa, kama alivyofanya tulipomaliza kufunga mguu wa mbwa vizuri. Kisha akaona nimesogea karibu, nimeinama, nataka kusema. Akageuza uso ukutani, upande mwingine na mimi, kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Toka," akasema. "Toka upesi, bingwa. Mate yangu."

Nikatoka. Sikumwambia.