Siku Nilishika Kikombe ya Maziwa

Taabu yangu ilianza mwaka baba alikufa; nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliacha masomo mu deuxième primaire, darasa ya pili, nikabeba mifuko ku soko ya Kadutu mpaka mugongo ukakataa. Hakuna mutu alinisukuma. Nilijisukuma.

Nikiwa tayari mutu mukubwa, siku ya kwanza ya kazi ya relais, yaani kufundisha watu wa mutaa yako mambo ya afya, Superviseur, mukubwa wetu wa kazi, aliniuliza: "Papa, umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka wenye diplome wananiuliza njia."

Alicheka, akaniandika.

Alitufundisha tramadol, kidonge ya maumivu yenye wabebaji wanameza juu wasisikie uzito. Ikizidi, mutu anazima, pumzi inapunguka, midomo inageuka bluu. Unamupulizia naloxone mu pua, dawa yenye kurudisha pumzi. Unamusaidia kupumua kinywa kwa kinywa. Akipumua, unamulaza ubavu, unamukimbiza hospitali.

"Na mwenye anakataa kuacha?" nikauliza.

"Mwambie asimeze peke yake, asichanganye na pombe. Tutamuachisha akiwa muzima, Papa."

Kusaidia ao kuruhusu? Sijue mpaka leo.

Walinituma Kamituga kwa wachimbaji, wakanirudisha Kadutu. Njo pale Bisimwa, mubebaji, alianguka mbele ya sahani ya Maman Furaha, muuza fufu.

"Karuho!" watu walilia. Ni ile sumu ya kutegewa mu chakula, na dawa yetu ni maziwa. Vijana walishaokota mawe juu ya Maman Furaha. Na mimi, relais mwenye brevet, karatasi ya kumaliza mafunzo, nilishika kikombe, nikamumiminia Bisimwa mu kinywa. Maziwa yakatokea puani. Njo niliona midomo: bluu.

"Acheni! Maziwa yataingia mu mapafu!"

"Muzee, mulozi amekulipa ngapi?"

Nilimugeuza, nikapangusa kinywa, nikapuliza dawa, nikamupulizia pumzi. Akakohoa. "Tonton, unaniamusha juu ya nini?" Mu mufuko wake nilitoa vidonge, nikaonyesha wote. Mawe yakaanguka moja moja. Nikamupeleka hospitali, juu nguvu ya naloxone inaisha mu mwili mbele ya ile ya vidonge.

Bisimwa bado anasema ilikuwa karuho, maziwa njo yalimuponyesha. Mimi pia karuho naiogopa. Ile siku ilikuwa vidonge. Nazani.

Sasa nimepumuzika. Niko na nyumba ya mabao, shamba Walungu, mbuzi mbili, brevet ku ukuta. Niko na majirani wawili wenye hawasalimiane, Bisimwa na Maman Furaha. Wote wazima.