Mikono Kumi na Mmoja ya Dirishani

Mwalimu Celestine Ayoo alizaliwa Ugunja, upande wa Kenya. Alikuja Kampala miaka kumi na tisa iliyopita akimfuata mumewe, Ondiek, ambaye ni fundi wa mitambo kule bandarini Port Bell. Katika shule yetu, hapa chini ya mlima wa Nsambya, anafundisha Kiswahili darasa la sita. Mimi ni Lanyero, nafundisha hisabati darasa la jirani. Kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba tu, kwa hiyo somo lake nalisikia hata nisipotaka. Haya ninayosimulia, mengine niliyasikia kupitia ukuta huo, mengine alinieleza mwenyewe.

Wanafunzi wetu wengi ni watoto wa kambi ya polisi. Kiswahili wanacho, lakini ni kile cha kambini, cha kutoa amri na cha kununua nyanya. Walimu waliomtangulia Celestine walikuwa wakiandika insha ubaoni, watoto wananakili, kipindi kinakwisha. Yeye alikataa. Siku yake ya kwanza alikuja na mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba. Kila mtoto aliingiza mkono, akapapasa kilichomo bila kuchungulia, kisha akaenda kuandika alichokihisi. Lilikuwa ganda la konokono. Siku nyingine aliwatoa nje wakae kimya kwa dakika tano, warudi kuandika sauti walizosikia. Siku nyingine mtoto mmoja aliandika sentensi moja, akampa jirani aiendeleze, hadi karatasi ikazunguka darasa zima na hadithi imekwenda Gulu na kurudi. Watoto waliokuwa wakishindwa mistari mitatu walianza kuomba karatasi ya ziada. Nilimwonea wivu kidogo, sitaficha.

Muhula wa pili mwaka jana, nilianza kumwona amebadilika. Katika chumba cha walimu mimi hukaa mkono wake wa kushoto, miaka yote. Nikawa namsalimu wakati wa chai, anashtuka kama mtu aliyeamshwa. Siku nyingine nilikaa pale dakika kumi nzima hajanitazama. Nikajiambia kwamba sifa alizopewa na mkaguzi wa shule zimempanda kichwani. Nilimweleza hata Mwalimu Saverio, naye akasema, "Wewe umeona leo? Mimi juzi nilimpungia mkono langoni, akapita kama hanijui." Tukacheka, tukamwacha na majivuno yake.

Ilikuwa Jumanne, wiki ya tano ya muhula. Celestine alikuwa amewapa watoto zoezi analoliita "Nani huyu?" Kila mmoja amchague mtu wa hapa shuleni, amweleze kwa sentensi zisizopungua nane bila kutaja jina lake wala kazi yake. Hakuna matusi, hakuna kusikia kwa watu. Ni kuandika yale tu ambayo macho ya mwandishi yameyaona. Kisha unasoma mbele ya darasa, wenzako wanakisia.

Nilisikia vicheko tangu mwanzo. Mtoto mmoja alimweleza mlinzi wa lango, jinsi anavyoongea na redio yake kana kwamba inamjibu. Mwingine alieleza mtu anayevuta sketi chini mara mbili kabla ya kuandika hesabu ubaoni, na darasa zima likapiga kelele jina langu. Wanafunzi wangu pia walisikia. Niliwatazama, wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika.

Halafu nikasikia Celestine akisema, "Aol, zamu yako."

Aol ni binti wa miaka kumi na miwili, mtoto wa sajenti. Ni mtoto asiyesema sana.

"Mwalimu, yangu naomba usome wewe peke yako," alisema.

"Hapa tunasoma wote. Njoo mbele."

"Mwalimu, naogopa."

"Umemtukana mtu?"

"Hapana."

"Umeandika uliyoyaona?"

"Ndiyo."

"Basi soma."

Karatasi ile Celestine ameihifadhi, nami nimeisoma kwa macho yangu. Aol alikuwa ameandika hivi:

"Mtu wangu ni mtu mkubwa. Yeye anapenda kazi yake. Yeye anatembea haraka na mlango inamgonga bega ya kushoto kila asubuhi. Kikombe yake ikikaa upande wa kushoto, anaitafuta na mkono kama kwa giza. Yeye anaanza kuandika katikati ya ubao, na ile upande ingine inabaki bila kitu. Zamani alikuwa anatuona. Sasa sisi wa dirisha tunainua mkono na yeye haoni sisi. Tunainua mpaka mkono inauma. Mimi nafikiri yeye alikasirika na sisi, lakini sijui tulifanya nini."

Celestine aliniambia kwamba wakati mtoto anasoma, yeye alikuwa akihesabu makosa ya ngeli. Mlango inamgonga. Bega ya kushoto. Kikombe yake. Alifika hadi makosa saba. Picha ya mtu haikumjia kabisa.

"Haya," akasema, "nani huyu?"

Upande wangu wa ukuta, nilishusha chaki. Kwa zoezi lile darasa la sita halinyamazi.

"Hakuna anayejua? Aol, mtu huyu yuko hapa shuleni kweli?"

"Yuko."

"Basi mbona hawamjui?"

Ndipo sauti ya mvulana ikasema, "Ni wewe, Mwalimu."

Celestine aligeuka kumtafuta aliyesema. Alitazama safu ya kati, akatazama safu ya mlangoni. Sauti ilikuwa ya Okidi, aliijua vizuri, lakini Okidi hakuwepo. "Okidi, uko wapi?" akauliza. Mtoto akajibu, "Niko hapa," na sauti ilikuwa karibu sana, hatua mbili hivi. Celestine akazungusha kichwa chote kushoto, na Okidi akatokea ameketi kwenye dawati lake la siku zote, anamtazama.

Hakutaka watoto waone hofu yake. Akarudisha uso mbele, akautuliza kwenye picha iliyobandikwa ukuta wa nyuma, akasema, "Safu ya dirishani, wote inueni mikono."

Akangoja.

"Imeinuka?"

"Ndiyo, Mwalimu," wakajibu kwa pamoja.

Hakuona mkono hata mmoja. Si kwamba aliona giza au ukungu. Aliona darasa lake kama kawaida, limekamilika, lina mwisho wake, na ndani ya darasa hilo hapakuwa na safu ya dirishani. Akaanza kugeuza kichwa polepole. Mkono wa kwanza ukajitokeza, kisha wa pili, kisha ikawa inajitokeza kama watu wanaoingia kwa mlango. Alihesabu mikono kumi na mmoja. Aol alikuwa bado amesimama mbele, analia.

Mlango wangu ulifunguliwa bila hodi. Uso wa Celestine ulikuwa umepauka mpaka nikadhani amepigiwa simu ya msiba.

"Lanyero, njoo."

Nikamfuata kibarazani. Akanisimamisha kushoto kwake, akatazama mbele kuelekea jikoni. "Fanya kitu chochote," akasema. "Usiseme. Fanya tu."

Nilipunga mkono karibu na sikio lake. Nikausogeza hadi usawa wa shavu. Nikauweka mbele ya jicho la kushoto, umbali wa kiganja.

"Umeanza?" akauliza.

Nilisema tu, "Banange, jamani," nikamshika mkono. Siku zote zile za chai zilinirudia kwa mara moja, na vicheko vyangu na Saverio, nikasikia aibu inanipanda hadi masikioni.

Mwalimu mkuu, mzee Obwona, alikuja mwenyewe kushika darasa. Sisi tulipanda kwa miguu hadi hospitali ya misheni iliyo pale juu. Njiani nilitembea kushoto kwake, nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa anaponea chupuchupu kila hatua. Pikipiki ya boda ilitokea upande ule, na kama nisingemvuta ingemchukua. Yeye aliendelea kuzungumza, hakujua hata nimemvuta kwa sababu gani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, jina lake Alum. Alimpima macho, kila jicho peke yake, yote mawili yalikuwa mazima. Celestine alipumua. Kisha daktari akapima presha, akaipima tena, akaita muuguzi aipime mara ya tatu. Akaagiza picha ya kichwa. Jioni alituita, akafunga mlango.

"Mama, umepata kiharusi," alisema. "Kidogo, lakini ni kiharusi. Kina kama miezi mitatu."

"Mimi?" Celestine akacheka. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu hakikuwa na furaha yoyote. "Daktari, mimi natembea. Naongea. Nafundisha vipindi sita kwa siku."

"Kilipiga sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayopokea mambo ya upande wa kushoto. Jicho linaona, lakini habari haifiki. Mwezi wa nne ulikuwa wapi? Hukuumwa kichwa?"

Mwezi wa nne, wakati wa Pasaka, alikuwa Ugunja kwa mama yake. Kichwa kilimpasuka siku mbili, akasema ni malaria, akameza vidonge vya maumivu akalala. Siku ya tatu aliamka akapika.

"Lakini ningeona pengo," alisema. "Mtu hawezi kupoteza nusu ya anachokiona asijue!"

"Wengi hawajui. Huoni pengo, kwa sababu hata pengo lenyewe linahitaji kuonekana." Daktari akafungua daftari. "Nani aliyegundua?"

"Mtoto," nikasema mimi. "Aliandika kwenye insha."

Daktari akaacha kuandika, akatutazama. Alituambia kwamba kwa presha ile, kiharusi cha pili hakikuwa mbali, na hicho kisingekuwa kidogo. Alimlaza usiku uleule. Ondiek alikuja na nguo za kazi, mikono bado ina grisi, akasimama mlangoni anarudia, "Celestine? Celestine gani?" kama mtu aliyeelekezwa wodi isiyo yake.

Alipotoka hospitalini, Celestine alikaa nyumbani wiki tatu. Nilimpelekea madaftari ya darasa kwa sababu aliyadai, na sasa najuta, maana yalimuumiza kuliko ugonjwa. Daktari alikuwa amemfundisha kugeuza kichwa kila anaposoma na kuweka kidole pembeni mwa ukurasa kushoto. Kwa kidole kile alianza kupitia kazi alizosahihisha tangu muhula uanze. Nilikuwa nimekaa naye sebuleni. Alifungua daftari la Okidi. Kwa wino mwekundu, mwandiko wake mwenyewe: "Sentensi hazina mwanzo. Rudia." Akasogeza kidole. Mianzo ilikuwepo, yote, imeandikwa kwa mwandiko safi. Ukurasa uliofuata vilevile. Mara nne Okidi alirudia kazi ambayo haikuwa na kosa.

"Na nilimtoa nje," alisema. "Mara mbili. Nilisema hajaleta daftari. Lanyero, alikuwa analiweka mezani, upande wa kushoto."

Alifunika uso kwa daftari lile. Nikaona ndiyo nafasi, nikamweleza na langu: kwamba nilimdhania maringo, na kwamba nilimsema kwa wenzetu. Alinisikiliza bila kuondoa daftari usoni. Mwishowe akasema, "Ungeniuliza." Ningependelea anigombeze.

Aliporudi shuleni niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kimyakimya nikaenda kusimama mlangoni pake. Aliwaeleza watoto yote, bila kuficha neno kiharusi. Kisha akamwita Okidi.

"Nilikuonea," akasema. "Daftari ulileta, na sentensi zako zilikuwa na mwanzo. Nisamehe. Lakini mbona hukuniambia, mwanangu?"

Okidi alitazama viatu vyake. "Nilisema, Mwalimu. Wewe ulisema nisikujibu."

Celestine alikubali kwa kichwa, mara mbili, tatu. Nilidhani atatoka nje. Hakutoka.

"Na nyie wa dirishani, mlidhani nini?"

Aol akasimama. "Mama yangu na wamama wengine walisema wewe hapendi watu wa kambi. Kwa sababu sisi wote wa dirisha ni wa kambi." Akasita. "Mimi sikukubali. Ndiyo maana niliandika kile ninaona tu."

Jumamosi iliyofuata Celestine alikwenda kambini, nyumba kwa nyumba, na Ondiek akitembea kushoto kwake. Mama yake Aol, Acayo, alikuwa tayari amekusanya sahihi za wazazi kwenye barua ya kumlalamikia. Aliitoa barua kwenye kabati, akamwonyesha, wote wawili wakaisoma kwa utulivu mezani, halafu Acayo akaichana.

Upande wa kushoto haukurudi. Daktari Alum alisema mapema kwamba baada ya miezi ile kungoja urudi ni kujisumbua. Presha imeshuka, dawa anazimeza kila asubuhi. Ila bado kuna mambo yanayomshtua: paka anayetokea miguuni pasipokuwa na paka, mtu anayeanza kuongea kutoka mahali patupu. Anapiga ukelele, kisha anaomba radhi.

Kwenye insha ya Aol alitoa alama kumi na sita kati ya ishirini. Nne zilikatwa kwa ajili ya ngeli. Niliona ni ukali, nikamwambia. Akanijibu kwamba mtoto anayeona vile anastahili kusahihishwa vizuri.

Zoezi la "Nani huyu?" bado analitoa, kila muhula. Aliwauliza watoto wa dirishani kama wangependa kuhamia safu nyingine, ile anayoiona. Wakakataa, wakasema pale kuna upepo. Basi akaisukuma meza yake hadi kona ya dirisha, na kutoka pale darasa lote liko kulia kwake.