Mawe ya Njano ya Silvana

Miaka kumi na tisa Adolfu alililisha moto tanuri la kiwanda cha matofali pale Chanji, na hakuna aliyethubutu kumwambia tia hiki, acha kile. Serikali ilipokiuza kiwanda, mameneja wakaenda zao, tajiri mpya akapunguza wafanyakazi nusu, Adolfu akabaki. Basi kichwa kikamvimba, akaona hata jua linachomoza kwa kibali chake.

Halafu akaja Silvana, mjane kutoka kijiji cha Kasense, jembe begani, mkononi fungu la majani ya maharage yaliyoungua kingo. Alisimama getini akauliza, "Mkuu wa moto ni nani hapa?"

Adolfu akacheka. "Hilo ni jua, mama. Moshi wangu hauli maharage."

Kumbe bwana afya alikuwa ameshamwandikia tajiri barua: moshi wa salfa upungue, la sivyo tanuri lifungwe. Tajiri si mjinga. Akamwajiri huyo huyo mlalamikaji achambue makaa ya mawe kabla hayajaingia motoni.

Na mama yule alikuwa na jicho, tuseme ukweli. Aligundua kuwa makaa yenye mishipa ya njano inayong'aa ndiyo yanayonuka na kukaba koo yakiungua. Akawa anayatenga pembeni, rundo likakua. Mwezi haukuisha, watu wa Chanji wakaanza kuanika nguo nje bila kuzinusa. Bwana afya akaja, akamwita Silvana mtaalamu wetu. Tajiri akaongeza kwamba ukaguzi ujao ukienda vizuri, Silvana atakuwa msimamizi wa tanuri lote. Adolfu alikuwa amesimama hapo hapo na beleshi lake, na hakuna aliyemtazama.

Mwenye wivu ajinyonge, husema watu. Adolfu hakuona sababu ya kujinyonga. Usingizi ulimpaa, chakula kikamchachia mdomoni, kila alipomwona Silvana ameinama kwenye makaa alitamani ateleze aanguke. Nyumbani nako akapiga marufuku jina lake. Mkewe Bertilla akianza, "Leo Silvana kaniambia," Adolfu anasukuma sahani ya ugali na kutoka nje. Bertilla akajifunza kunyamaza.

Wiki ya ukaguzi Silvana alifiwa na shangazi yake, akaenda msibani siku mbili. Adolfu akangoja upepo. Ulipogeuka kuelekea Kasense, kwenye shamba la yule mama, akachota lile rundo la mawe ya njano, akalitia lote tanurini. Moshi ukatoka mzito, manyunyu yakaushusha chini. Bwana afya alipofika alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Adolfu akamwambia kwa upole, "Mimi natia ninachochambuliwa, mzee."

Jumamosi Silvana akafukuzwa. Hakujitetea sana, alimtazama tu Adolfu, akachukua jembe lake. Siku hiyo Adolfu alikunywa pombe ya ulezi kwa raha ambayo hakuwa nayo tangu masika yaanze.

Jumatatu akaitwa getini. Alikuwa Bertilla, kanga imelowa umande, mkononi fungu la majani ya maharage, meupe na makavu.

"Mkuu wa moto ni nani hapa?" aliuliza, kama vile hamjui.

"Mama Justina, umetoa wapi hayo?"

"Shambani kwangu, Kasense. Letu limechoka, wewe mwenyewe ulisema. Nikaazima nusu ya shamba la mtu. Tumefukia nyasi pamoja, tukainua matuta yote yale kwa mikono yetu, mimi na yeye. Mbegu yetu yote iko pale. Iko wapi sasa?"

Adolfu akaweka beleshi chini. "Shamba la nani? Na mbona hukuniambia?"

Bertilla akayaweka majani miguuni pake, taratibu.

"Ningekuambiaje, baba Justina? Mwenye shamba jina lake halitajwi nyumbani kwako."