Bugi Nne kwenye Mbabula

Mimi ni mtu wa nyumbani. Shemeki yangu, kaka wa mke wangu, anasema mimi ni kabati ya salon, ya sebuleni: ukitaka kunisogeza, kwanza unitoe vyombo vilivyo ndani, kisha utafute wanaume wanne. Simkatalii. Nikiambiwa soko la Kamina leo limechangamka, naamini papo hapo, sina haja ya kwenda kuhakikisha.

Tena nyumba yenyewe si yangu. Ni lupango la baba mkwe, kiwanja chake na nyumba zote zilizomo. Nilipooa tulihamia chumba cha nyuma kwa muda mfupi, mpaka nipate kwangu. Watoto wangu sasa wanakwenda shule, na ule muda mfupi bado haujaisha. Mwanaume anayekaa kwa wakwe zake hapa kwetu hasifiwi, na shemeki kila asubuhi akipita mbele ya mlango wangu huniuliza, “Bibi-arusi, umelala muzuri?” Namjibu kwamba nimelala muzuri.

Mtu asiyetoka anabaki na masikio. Nililijua gari la baba mkwe kwa sauti hata kabla hajafunga mlango. Lilikuwa gari dogo la petroli, usukani kulia, lililoingia nchini kupitia upande wa Zambia likiwa tayari na uzee wake, naye alilipenda kuliko alivyotupenda sisi, jambo ambalo hakuna aliyelificha. Zamani liliwaka mara moja. Kisha likaanza kudai kubembelezwa. Likiwaka, lilitetemeka pale liliposimama kama mtu mwenye malaria, mota ikipiga mara tatu na kuruka ya nne, na nyuma moshi mweusi unaonuka petroli isiyoungua. Ukisikia hivyo, bugi zimechoka, vile vidude vinne vinavyopiga cheche ndani ya mota ili petroli ishike moto. Ncha yake inalika, inakuwa butu kama jino la mzee, na cheche inabaki na pengo kubwa la kuruka. Gari likisimama bure, inaruka. Likibeba watu kwenye mlima, inashindwa. Hapo hakuna uganga: unatoa za zamani unatia mpya, na hungoji zife, maana bugi haifii nyumbani. Inafia njiani.

Baba mkwe alikuwa na imani nyingine. Karani mstaafu, mwimbaji wa sauti nene kanisani, mtu anayepiga pasi hata leso, aliamini kwamba bugi inabadilishwa siku inapokataa kutoa cheche na si siku moja kabla. Kila Jumamosi alizifungua, akazifunika kwa kitambaa kama mtu anayebeba mayai, akazipanga juu ya mbabula ya mama mkwe, jiko lile la makala, yaani mkaa, wakati sufuria inataka kupanda. Ni ili masizi yaungue. Zikishakuwa nyekundu aliziacha zipoe, akazikwangua kwa wembe, akazipuliza, kisha akairudisha moja kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha mota. Shemeki alizungusha ufunguo. Cheche ya buluu ikaonekana.

“Iko nawaka,” baba mkwe alisema. “Kintu iko nawaka, unabadilisha ju ya nini?”

Samaki wa Kinkondja, waliofika kwetu wamekaushwa kwa moshi wao wenyewe, waliongezewa moshi wa petroli. Mama mkwe alingoja kando na sufuria mikononi mpaka bugi zimalize kuiva. Jumamosi tulikula baada ya majirani wote, na bukari yetu, ugali wa kwetu, ilikuwa na ladha ya gereji.

Ningemwambia yule mzee, lakini kwetu mkwe hamwambii baba mkwe kwamba kitu chake kimechakaa. Ni sawa na kumwambia suruali yake imechanika nyuma. Na kwa mama mkwe ndiyo kabisa: sili mbele yake, siketi karibu naye, simtazami usoni. Akipita, nageuza kichwa. Kwa jinsi lupango lile lilivyo dogo, nimegeuza kichwa sana, na shingo yangu ndiyo sehemu ya mwili wangu inayofanya kazi kuliko zote. Neno langu lolote lilipaswa kupita kwa mke wangu, au kwa shemeki, ambaye mila inamruhusu kunitania, naye hajawahi kuiacha ruhusa hiyo ilale bure.

Mvua zilipokuwa zinaisha, simu ililia kwa mke wangu, imetoka kijijini kwa mama yake, upande wa barabara ya Kabondo-Dianda. Dada mkubwa wa mama mkwe hakuwa akila tena. Akili zake zilikuwepo na sauti ilikuwepo, ila swali lake lilikuwa moja tu: mdogo wangu yuko wapi? Walikuwa wamebaki wawili kati ya watoto wote wa mama yao. Mama mkwe alikuwa na kikwembe kipya, kitenge alichokiweka sandukuni ili siku moja wakivae sare. Alikikata katikati, akakunja kila kipande peke yake, akaketi kwenye kibao na vipande viwili magotini, kama tunaondoka sasa hivi.

Nikamtuma mke wangu. Amwambie baba yake kwamba kabla ya safari anunue bugi mpya, sokoni zipo, na njia ile ina mlima. Mke wangu alimwambia kwa adabu zote. Shemeki akaongeza yake.

“Papa, bibi-arusi yetu anasema gari yenu iko na malaria.”

Baba mkwe hakunitazama, ingawa nilikuwa karibu naye kiasi cha kumfunga kifungo. Alimwambia binti yake, “Ambia bwana yako, minyi niko naendesha gari mbele yeye azaliwe. Yeye anaendesha nini? Kiti.”

Tukacheka wote. Hata mimi nilicheka, maana kiti chenyewe kilikuwa kizuri. Kisha akazichoma bugi ingawa haikuwa Jumamosi, akaona cheche, na mashauri yakaisha.

Asubuhi walinichukua kwa kazi moja, kusukuma. Baba mkwe kwenye usukani, mimi kando yake, nyuma mama mkwe na shemeki. Kwa kuwa kioo cha ndani kingenionyesha uso wa mama mkwe, baba mkwe alikigeuza kikatazama dari. Adabu ilikuwa kamili, na hakuna aliyeuona moshi tuliokuwa tunauacha nyuma isipokuwa shemeki, aliyegeuka mara moja akasema tumeshapika njia nzima.

Baada ya daraja la mbao kuna mlima mrefu wa mchanga. Gari lilianza kuupanda kwa ujasiri, likafika katikati, likaanza kukohoa. Tukashuka, shemeki na mimi, tukasukuma. Lilipiga mara tatu, kisha mara mbili, kisha halikupiga kitu. Baba mkwe akafungua kifuniko cha mota. Pale kando ya njia wanawake wauza makala walikuwa wamekoka moto na kuweka mihogo yao. Nilijua kitakachofuata, nikageuza shingo.

“Mama, munipe nafasi kidogo kwa moto yenu,” baba mkwe aliomba, na akapanga bugi zake kati ya mihogo.

Mmoja wa wale wanawake alizitazama kwa makini. “Papa, hii mihogo yenu iko mugumu. Itaiva saa ngapi?”

“Anapenda ya kukauka,” mwenzake akasema. “Unaona bibi yake vile amekonda?”

Walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Shemeki hakucheka. Kutoka ndani ya gari mama mkwe akasema, bila kupandisha sauti, “Papa ya batoto, tutafute kinga. Nitaenda na kinga.” Kinga kwetu ni baiskeli.

“Ngoja kidogo,” baba mkwe alimjibu, akipindua bugi kwa kijiti. “Mugonjwa iko kwa kitanda. Ataenda wapi?”

Nilikuwa nimesimama nyuma ya gari nikiangalia mbali, kwa heshima, lakini masikio hayageuki.

Nadhani vicheko vile ndivyo vilivyomharakisha. Nyumbani huziacha zipoe zenyewe. Hapa alizitoa nyekundu, akachukua chupa ya maji ya kunywa, akazimwagia. Zikalia, na kauri nyeupe inayozunguka bugi ikapasuka kwenye tatu kati ya nne. Hata hivyo alizirudisha zote, akazikaza vizuri, akakaa kwenye usukani na kuzungusha ufunguo. Alizungusha mpaka betri nayo ikanyamaza.

Mama mkwe alishuka. Mwanaume mmoja alikuwa anateremka mlima na kinga iliyobeba magunia ya makala, anayapeleka mjini. Sijui alimwambia nini. Yule mtu alimtazama, akafungua kamba, akashusha magunia yake pale kwa wale wanawake, akageuza kinga kuelekea alikotoka. Mama mkwe akapanda nyuma, mfuko wa vikwembe magotini.

“Utafika na vumbi kama muntu wa shamba,” baba mkwe akamwambia.

Wakapanda mlima, mama mkwe ameshika kiti, yule mtu anasukuma kinga kwa miguu penye mchanga mzito. Kisha hatukuwaona tena.

Juu ya kilima kuna mtandao. Shemeki alipanda ili atafute lori la kutuvuta, akarudi polepole, simu mkononi. Dada mkubwa amekufa. Asubuhi aliuliza tena, wakamwambia gari limeshatoka Kamina. Akasema basi wamketishe, atazame mlango. Alifariki ameketi hivyo.

Mama mkwe hakuwa na simu. Sisi watatu tulijua, na yeye bado alikuwa anaharakisha.

Baba mkwe aliinama, akafuta viatu vyake kwa leso. “Basi,” akasema, “hata gari ingewaka, hatungemukuta.”

“Papa,” shemeki akamwambia, “gari ingewaka, mungekuwa mumefika zamani. Munataka kudanganya nani? Huyu?” Akanionyesha mimi kwa kidevu. Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja bila kunitania, na nilitamani aniite bibi-arusi.

Lori lilituvuta hadi mjini. Kesho yake baba mkwe alikwenda mwenyewe sokoni akarudi na bugi mpya nne, kila moja katika kiboksi chake, na betri aliyokwenda kuichajisha. Matanga ni kitu kingine. Kule watakuwepo wakwe, wazee wa ukoo, watu wa kanisa, na mwanaume hafiki kwenye kilio cha shemeji yake akivutwa kwa kamba. Gari liliwaka kabla hajamaliza kuzungusha ufunguo. Lilipanda ule mlima kama hakuna mlima. Wale wanawake wa makala walisimama kututazama, na yule wa kwanza akapunga mkono.

“Sikia,” baba mkwe aliniambia mimi, uso kwa uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipomwoa binti yake. “Unasikia vile inaimba?”

Nilisikia. Ndiyo kazi yangu.

Kipande kimoja cha kikwembe kilikwenda na dada mkubwa kaburini. Kingine mama mkwe alikifunga kiunoni na kukaa nacho kwenye mkeka na wanawake mpaka kilio kilipomalizika. Asubuhi ya kuondoka baba mkwe aliegesha gari mbele kabisa, akafungua mlango wa nyuma, akasimama nao ameushika. Mama mkwe akaupita. Yule mtu wa kinga alikuwa amerudi, sijui nani alimwita. Mama mkwe akapanda nyuma yake.

Baba mkwe angeweza kumpita, lakini mwanaume kurudi na gari tupu wakati mke wake yuko kwenye kinga ni habari ya kijiji kizima. Basi akamfuata. Tulitoka jua likichomoza, tukaingia Kamina jua likizama, gia ya kwanza, gia ya kwanza, kinga mbele na sisi nyuma, mgongo wa mama mkwe katikati ya kioo cha mbele, nami siruhusiwi kuutazama na hakuna pengine pa kutazama. Watu walitoka kwenye nyumba.

“Papa, kinga imekushinda?”

“Hapana, anachunga bibi asitoroke.”

“Papa, umuombe lift.”

Shemeki nyuma yangu aliwajibu kwa mkono kama waziri.

Gari la petroli linalotambaa namna ile siku nzima halipati joto la kusafisha bugi zake. Linazitia masizi. Jumamosi baba mkwe alipozifungua, zile mpya zilikuwa nyeusi kuliko za zamani. Kisha akazifunika kwa kitambaa chake, akazileta kwenye mbabula.

Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya moto na kile kipande cha kikwembe. Hakuwa na sufuria mikononi. Alisogea kidogo ampe nafasi, hata akampepelea makala yashike vizuri. Bugi zikawa nyekundu, zikapoa, zikakwanguliwa, zikarudi kwenye mota, cheche ikaonekana. Majirani walikuwa wamekula na kuosha vyombo. Mbabula ilikuwa bado tupu.

“Mama,” baba mkwe akaita, “na bukari?”

“Unga iko mu gunia,” mama mkwe akasema. “Itaenda wapi?”

Mke wangu alinitazama, shemeki akatazama chini. Mimi, ninayekula kwenye sufuria hiyohiyo, niligeuza kichwa kwa heshima.